Shangazi, nilisema naona aibu, wakaandika "Tamu sana!"

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Nimesoma majibu yako kwa miaka mingi nikiamini barua zinaandikwa na watu wengine. Leo naandika ya kwangu. Hapa Tokyo ni saa nane usiku, na asubuhi nina darasa la watoto wa miaka minne.

Nina miaka 29. Nilikuja Japani miaka 6 iliyopita kusoma lugha, na kwa kuwa nilikuwa na shahada kutoka nyumbani, baadaye nikapata kazi ya kufundisha Kiingereza katika shule binafsi ya mazungumzo. Mshahara ni yeni 250,000 kwa mwezi kabla ya makato. Nikitoa pango, nauli na ada ya mdogo wangu aliyeko chuoni, kinachobaki nakihesabu kila jioni.

Miaka 3 iliyopita mama mmoja alinisimamisha kwenye ngazi za stesheni, akaniuliza kama nimewahi kupigwa picha za biashara. Alikuwa wa kampuni ya uwakala, "jimusho" kama wanavyoziita huku. Tangu siku hiyo, mwisho wa wiki na siku za mapumziko, nafanya kazi moja moja: leo mtalii, kesho daktari asiyesema neno, keshokutwa mgeni kwenye harusi ya watu nisiowajua. Sina mkataba, naitwa ninapohitajika. Kuna wakati wanakuwekea "kipu", yaani uizuie tarehe kwa ajili yao na usikubali kazi nyingine, halafu usiku wa kuamkia siku yenyewe wanakuachia bila malipo yoyote. Unazoea.

Shangazi, naipenda kazi hii. Niseme hilo kwanza kabla sijalalamika. Mwaka juzi nilipigwa picha za kitabu cha mauzo cha makoti ya baridi. Mpiga picha, mzee wa makamo, aliniuliza jina langu linatamkwaje, akalirudia mara nne mpaka likamkaa mdomoni, kisha akaniambia, "Tembea kama mtu anayekwenda kwao." Nikatembea. Siku ile nilijiona mrefu. Picha moja ninayo ukutani mpaka leo.

Sasa nikueleze ya majuzi. Niliitwa kwenye tangazo la kinywaji. Nikafika studio saa moja asubuhi. Mpambaji akafungua sanduku: kitambaa cha madoa ya chui, mkufu wa mifupa ya plastiki, rangi nyeupe ya kunichora usoni. Mfupa mmoja ulikuwa bado na kikaratasi cha bei. Mwongozaji, kijana mpole, wala si mkorofi, akaniomba nivue viatu, eti kwa sababu kwetu hatuvai. Nikavivua. Nikabaki nimevishika mkononi, sijui niviweke wapi, mpaka msichana mmoja akaja kunipokea. Kisha wakaniambia nionje kinywaji, niruke, halafu niseme neno lolote la kwetu, lolote tu, maana hakuna atakayeelewa.

Nilipofungua mdomo, kilichotoka ni: "Mama yangu, naona aibu."

Walipiga makofi. Wakasema sauti ina hisia, turudie. Nililisema mara saba. Tangazo lilipotoka, chini ya uso wangu waliandika kwa Kijapani: "Tamu sana!"

Nililipwa yeni 120,000, nyingi kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Halafu binamu yangu akaliona mtandaoni, akalituma kwenye kundi la familia. Watu wakacheka, wakanipongeza, mpaka likamfikia mama. Mama hajui Kijapani, lakini Kiswahili anakijua. Akanitumia ujumbe wa sauti wa sekunde tisa: "Mwanangu, nimekusikia unaniita. Aibu ya nini?" Hii ni wiki ya tano sijamjibu.

Tangazo limependwa. Mteja anataka mengine matatu, mhusika yuleyule, mavazi yaleyale, yeni 400,000 kila moja. Wakala anataka niache shule, nisaini miaka 2 kuwa wa kwao peke yao, kila kazi ipitie kwao na wakate asilimia 40. Watanishughulikia viza ya wasanii, ya mwaka 1 kwa kuanzia. Jibu wanalitaka kabla ya mwezi kwisha. Yeni 1,200,000, Shangazi! Mdogo wangu angemaliza chuo bila mimi kuhesabu sarafu.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Viza yangu ni ya kufundisha. Nilipouliza mwanzoni kama naruhusiwa kupiga picha, wakala aliniambia kazi ya siku moja haihesabiki, kila mtu anafanya. Juzi mwalimu mwenzangu akaniambia inahesabika. Tangu hapo usingizi umenihama.

Rafiki yangu mmoja ananiambia nachagua kazi kama vile nina mahali pa kuangukia. Mwingine anasema nikisaini nimewauza Waafrika wote. Nimechoka kuwabeba Waafrika wote kwenye studio ya watu kumi. Nifanye nini? Nisaini? Nibaki darasani? Au nifunge mizigo nirudi nyumbani?

Wako,
Mwenye Viatu Mkononi

*

Mwanangu Mwenye Viatu Mkononi, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nilipofika pale ulipoita "Mama yangu" mbele ya kamera, nilisimama. Pole sana. Na ahsante kwa kunieleza mpaka kile kikaratasi cha bei kwenye mfupa, maana kimenionyesha chumba kile kama niliyekuwa nimekaa pembeni.

Nikikuelewa vizuri, unaniuliza usaini au usisaini. Ila naona mambo yamefungwa fundo moja, na mkataba ni uzi mmoja tu kati ya nyuzi zake: kuna kibali chako cha kuishi, kuna pesa, kuna kuvuliwa viatu, na kuna mama aliyeuliza swali na hajajibiwa. Ukilivuta fundo kwa uzi huo mmoja utalikaza zaidi. Tulifungue polepole.

Nianze na kinachokunyima usingizi, kwa sababu mengine yanaweza kusubiri siku kadhaa na hili haliwezi. Mimi si mwanasheria, lakini kabla ya kukujibu nimewauliza watu wanaoijua njia hiyo, na mwenzako wa kazini hakukosea. Japani, kibali cha ukaazi kinataja aina ya kazi. Mwenye kibali cha kufundisha katika shule kama yako akitaka kulipwa kwa kupiga picha au kuigiza anatakiwa aombe kwanza ruhusa ya shughuli iliyo nje ya kibali chake. Siku moja inahesabika kama siku mia. Sheria yao ya uhamiaji ina adhabu kwa anayefanya kazi bila ruhusa hiyo, kuanzia faini hadi kifungo, na makosa yakiwa makubwa mtu anaweza kurudishwa kwao. Sikuambii haya ili nikuongezee hofu. Nakuambia ili usipokee kazi nyingine hata ya saa mbili kabla hujakaa na mtu mwenye leseni ya mambo haya, aidha wakili au yule wanayemwita "gyosei shoshi", mtayarishaji wa nyaraka za serikali. Mweleze yote, miaka yote 3, bila kupunguza. Kama gharama inakutisha, kuna kituo cha serikali cha kuwasaidia wageni kiitwacho FRESC, kipo Yotsuya hapohapo Tokyo, kimefunguliwa tangu 2020. Kuna pia Houterasu, huduma ya taifa ya msaada wa kisheria, ambayo hutoa maelezo kwa lugha kadhaa. Usisubiri mpaka uitwe.

Na hapo kuna swali ambalo naomba ulibebe taratibu. Aliyekuambia kwamba kazi ya siku moja haihesabiki ndiye huyohuyo anayetaka sasa kukushikia viza. Huenda hakujua. Huenda alijua, na kazi ilikuwa inamngoja. Sijui lipi ni kweli, lakini kosa lile lingekuangukia wewe, yeye angetafuta msichana mwingine ngazini. Umeniandikia kuhusu wakala huyu kama mlango uliofunguka. Je, umewahi kumuuliza yeye mwenyewe, kwa maandishi, kwa nini alikuambia vile?

Sasa pesa. Ile alama ya mshangao uliyoweka baada ya yeni 1,200,000 imenigusa, kwa sababu nimeuona mzigo wa ada ulioko nyuma yake. Nimechukua karatasi. Kila tangazo ni 400,000. Wakala akikata asilimia 40 inabaki 240,000. Hapo inakatwa kodi ya zuio. Kwa malipo ya wanamitindo na wasanii walio wakaazi wa Japani ni asilimia 10.21, ambamo ile 0.21 ni ya kujenga upya maeneo yaliyoharibiwa na tetemeko na tsunami ya 2011. Mkononi inafika 215,496. Mara tatu ni 646,488. Hiyo ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile milioni na laki mbili iliyokukosesha pumzi, na si mbali sana na unachopokea shuleni kwa miezi mitatu baada ya makato.

Kuna la pili lisiloandikwa kwenye karatasi ya wakala. Kama shule imekuingiza kwenye bima za wafanyakazi, mwajiri analipa nusu ya bima yako ya afya na nusu ya pensheni. Ukitoka, vyote vinakuja kwako. Pensheni ya taifa peke yake, katika mwaka wao ulioanza Aprili 2025, ilikuwa yeni 17,510 kwa mwezi. Zidisha kwa 12 uone matangazo matatu yanaliwaje kabla hujatuma hata yeni moja nyumbani. Sehemu ya kodi ya zuio inaweza kurudi ukipeleka ritani yako kati ya Februari 16 na Machi 15, na kwa kuwa una mshahara, ukiwa na kipato cha pembeni kinachozidi yeni 200,000 kwa mwaka unatakiwa kuipeleka. Hujaniambia kama umekuwa ukifanya hivyo. Mwulize mtaalamu wako siku hiyohiyo, maana mambo ya kodi na ya uhamiaji huko yanasomwa pamoja.

Sisemi pesa ile ni ndogo. Nasema ni ndogo kuliko ilivyoonekana saa nane usiku. Na je, mkataba unasema matangazo hayo matatu lazima yafanyike? Au mteja akibadili mawazo baada ya tangazo la kwanza utakuwa huna shule, huna tangazo, na miaka 2 huruhusiwi kufanya kazi kwa mwingine?

Viza ya wasanii yenyewe si kitu kibaya. Inaruhusu matangazo, vipindi vya televisheni na picha za biashara, na sharti lao mojawapo ni kwamba usilipwe chini ya Mjapani anayefanya kazi ileile. Hutolewa kwa muda tofauti: siku 30, miezi 3, miezi 6, mwaka 1, miaka 3. Lakini ina historia, na ungependa kuijua. Mwaka 2004 wanawake zaidi ya 80,000 kutoka Ufilipino waliingia Japani kwa viza hiyo, wengi wao wakaishia kwenye vilabu vya usiku, wengine wakinyang'anywa pasipoti na kulipwa kidogo au kutolipwa. Mwaka huohuo ripoti ya Marekani kuhusu biashara haramu ya binadamu iliikosoa Japani waziwazi, na kuanzia 2005 masharti yakakazwa, idadi ikaporomoka. Sidhani jimusho lako ni la namna hiyo. Nalitaja kwa sababu ya kilichowafunga wale wanawake: mtu mmoja alikuwa ameshika kazi yao, makazi yao na ruhusa yao ya kuwa nchini, vyote kwa mkono mmoja. Wewe leo kazi iko mkono huu na picha mkono ule. Ukisaini ulivyoeleza, vyote vinahamia kwa wakala. Mkigombana mkataba ukavunjika utatakiwa kutoa taarifa uhamiaji ndani ya siku 14, na ukikaa miezi 3 bila kufanya shughuli ya kibali chako bila sababu ya kueleweka, wanaweza kukifuta.

Umekaa miaka 6. Sijui kama unafikiria ukaazi wa kudumu, hukusema. Kwa kawaida wanataka miaka 10, mitano kati yake ukiwa na kibali cha kazi, kodi na pensheni zimelipwa kwa wakati, na kibali ulichonacho kiwe cha muda mrefu. Cha mwaka 1 hakitoshi kuombea. Mwenye ukaazi wa kudumu anafanya kazi aitakayo, picha, darasa au vyote viwili, bila kuomba ruhusa ya mtu. Miaka 4 ni mingi ukiwa na miaka 29, najua. Huenda pia mwili na uso wako vinakuambia kazi hii haisubiri. Una haki ya kulisikiliza hilo nalo.

Lakini mwanangu, ungekuwa ni mkataba tu usingeniandikia. Ungemwandikia mhasibu.

Umeniambia mwongozaji alikuwa mpole, na nimeona ulivyojitahidi kumtetea. Nakuamini. Upole wake ndio uliofanya iwe vigumu, kwa sababu mtu akikutukana unajua pa kusimama, na mtu akikuomba kwa heshima uvue viatu unavivua kabla hujafikiri. Hujafanya kosa kuvivua. Ulikuwa peke yako, saa moja asubuhi, kwenye chumba ambacho kila mtu alijua kazi yake isipokuwa wewe.

Ningependa tu nikuulize: aibu ile ilikuwa ya nini hasa? Umeandika kana kwamba ilikuwa ya kazi yenyewe. Ila katika barua hiyohiyo kuna mzee aliyelirudia jina lako mara nne, na siku ile ulilipwa vilevile, ulivaa nguo za watu vilevile, ulitembea ulivyoambiwa vilevile. Hukuona aibu. Ulijiona mrefu. Tofauti ya siku hizo mbili unaijua wewe, nami nakuomba uiandike kwenye karatasi kabla ya kusoma mkataba tena, hata kama ni mistari mitatu, kwa sababu humo ndimo yatakapotoka masharti yako.

Ndiyo, unaweza kuwa na masharti. Tangu Novemba 1, 2024 Japani ina sheria ya kuwalinda wanaofanya kazi bila kuajiriwa: anayekupa kazi anatakiwa akueleze masharti kwa maandishi au kwa njia ya kielektroniki, na malipo yasizidi siku 60 tangu kazi ikamilike. Haikuhakikishii heshima, lakini inakupa pa kuanzia kuuliza. Tangazo litatumika kwa muda gani? Televisheni ya Japani tu au mtandaoni dunia nzima? Ukishakuwa sura ya kinywaji hiki, ni vinywaji vingapi vingine vitakufungia mlango? Maneno utakayosema yanaandikwa na nani, na tafsiri yake nani anaihakiki? Hili la mwisho ningelianza nalo, mimi. Mtu aliyesema anaona aibu asiandikiwe kwamba anasifu utamu.

Wanaweza kukusikiliza. Juni 2020 NHK, shirika lao la utangazaji, liliondoa katuni iliyokuwa ikieleza maandamano ya Marekani, likaomba radhi, baada ya watu kulalamika jinsi watu weusi walivyochorwa. Wateja wanaogopa lawama za namna hiyo, na mara nyingine kinachokosekana chumbani ni mtu wa kusema mapema. Unaweza kumwambia wakala: mhusika nitamcheza, nitaruka, nitacheka, ila nitavaa viatu na nguo ninazochagua pamoja na mpambaji wenu, na nitasema maneno yanayotafsiriwa kwa ukweli. Hatari yake ni kwamba watakushukuru, kisha watampigia mwingine. Na huyo mwingine akivaa ile mifupa, tafadhali usimchukie, naye ana ada za kulipa.

Kuna waliopita kwenye kicheko wakatokea upande wa pili. Zomahoun Rufin wa Benin alifika Japani miaka ya 1990 kama mwanafunzi, akajulikana kwenye televisheni kwa kubishana kwa Kijapani cha kasi huku watu wakimcheka. Mapato ya kitabu chake aliyatumia kujenga shule kwao, na mwaka 2012 akawa balozi wa Benin huko huko Japani. Simtaji ili nikuambie uvumilie. Alikuwa anasema maneno yake mwenyewe, kwa lugha ambayo waliomcheka waliielewa, na sijui usiku alilalaje. Namtaja kwa sababu rafiki yako mmoja amekuambia ukisaini umewauza wote, na maisha ya watu hayajakaa hivyo. Wala hukuzaliwa kuwa mjumbe wa bara zima. Ukikataa mavazi yale, kataa kwa sababu wewe hutaki kuyavaa. Hiyo ni sababu ya kutosha.

Unaweza pia kubaki shuleni, ukaomba ile ruhusa ya uhamiaji baada ya ushauri, ukaangalia kama mkataba wa shule unakuruhusu kazi ya pembeni, na ukajiandikisha na mawakala zaidi ya mmoja bila kufungwa na yeyote, kama wafanyavyo wageni wengi Tokyo. Utaendelea kupata wa "kipu" na wa kukuachia usiku. Utachoka. Kuna wiki utamwona aliyesaini kwenye bango la stesheni na moyo utakuuma. Lakini ukiambiwa uvue viatu utakuwa na darasa Jumatatu, na hilo hubadilisha sauti ya mtu anapojibu. Au unaweza kusaini, macho wazi, baada ya mwanasheria kuusoma mkataba na vifungu kadhaa kubadilishwa, kwa sababu unaitaka kazi hii na umri ndio huu. Sitakuona mpungufu. Kurudi nyumbani nako si kushindwa, ila umekutaja kwa mstari mmoja tu mwishoni, kama mtu anayetaja mlango wa dharura, kwa hiyo nami sitakusukuma huko.

Kuhusu mwisho wa mwezi: waombe wiki mbili zaidi. Kuomba tu kutakuonyesha unashughulika na watu gani.

Sasa mama. Umeandika kwamba hujamjibu, na nimehisi unadhani amekasirika au amekuonea haya. Nimeyasoma tena maneno yake: "Nimekusikia unaniita. Aibu ya nini?" Sioni hasira humo. Kundi zima la familia lilisikia kelele za tangazo, yeye peke yake akasikia mtoto wake. Wiki tano ni nyingi kwa mzazi aliyesikia hivyo na kubaki na simu kimya mkononi.

Mpigie, usimwandikie. Mweleze kile kitambaa, mwambie walivyokufanya urudie mara saba, mwambie na walichoandika chini. Akinyamaza, mwache anyamaze. Halafu mtumie ile picha ya koti iliyoko ukutani kwako, maana sidhani kama amewahi kuiona.

Niandikie tena ukishaonana na mtu wa uhamiaji.

Shangazi yako